Kuomba Mkopo wa Nyumba Wakati Unabadili Kazi: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi wa Dodoma

Miaka michache iliyopita nilikaa mbele ya meza ya afisa mikopo katika tawi moja la benki hapa Dodoma, mkononi nikiwa na barua ya kukubaliwa mkopo wa shilingi milioni 60, na ndani ya mkoba nikiwa na barua ya ajira mpya ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu. Nyumba niliyoitaka ilikuwa Iyumbu, ya vyumba vitatu, yenye bati la rangi ya maruni, na ukuta wake wa uani ulikuwa bado haujapigwa lipu. Kabla ya fedha kutoka, afisa yule aliinua simu ya mezani akampigia ofisa utumishi wa kazini kwangu ili athibitishe kwamba mimi bado ni mwajiriwa wao. Niliisikia sauti ya upande wa pili ikijibu kwamba ndiyo, bado yupo, ila ameshaandika notisi na mwisho wa mwezi anaondoka. Afisa akaweka simu chini, akalifunga jalada langu, akaniambia kwa upole: "Kaka, mshahara niliouhesabia hapa mwezi ujao hautakuwepo." Mkopo ukasimamishwa. Mwenye nyumba alinisubiri wiki mbili, kisha akamuuzia mtu mwingine.

Kazi mpya ilikuwa inalipa vizuri kuliko ya zamani, kwa hiyo sikuwa nimepungukiwa kipato. Nilichokosea ni mpangilio wa mambo: niliandika notisi kabla ya wakati, nikanyamaza pale nilipopaswa kusema, na sikujua benki inaangalia nini hasa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji huu umejaa watu waliohama na wizara zao, walioacha mashirika wakaingia taasisi za umma, na walimu wa shule binafsi waliopata ajira serikalini. Wengi wao wanataka nyumba mwaka uleule wanaobadili kazi. Mwongozo huu nimewaandikia hao.

Hatua ya kwanza: Elewa benki inapima nini

Anachopima afisa mikopo kwanza ni uhakika kwamba mshahara utaendelea kuingia kwa miaka 15 au 20 ijayo. Ukubwa wa mshahara huja baada ya hapo. Ndiyo maana mtu anayelipwa milioni moja na nusu akiwa na ajira ya kudumu aliyothibitishwa anaweza kupewa mkopo, wakati mwenzake anayelipwa milioni nne kwa mkataba wa miaka miwili anaambiwa arudi na dhamana nyingine au akubali mkopo wa muda mfupi usiopita mwisho wa mkataba wake.

Uhakika huo benki huutafuta katika vitu vinne. Kwanza ni aina ya ajira, yaani kama ni ya kudumu au ya muda maalumu. Pili ni kuthibitishwa kazini. Tatu ni hati za mshahara za miezi mitatu hadi sita iliyopita, zile ambazo wengi tunaziita salari slipu, pamoja na taarifa ya akaunti inayoonyesha mshahara huo ukiingia. Nne ni umri, kwa sababu marejesho kwa kawaida hutakiwa yawe yamekwisha kabla ya kustaafu, na kwa mtumishi wa umma umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo mwenye miaka 48 asitarajie kupewa miaka 20 ya kulipa.

Ukibadili kazi, unagusa vitu vitatu kati ya hivyo vinne kwa mkupuo mmoja. Aina ya ajira inaweza kubadilika, uthibitisho unaanza upya, na hati za mshahara za mwajiri mpya bado huna.

Hatua ya pili: Chagua wakati

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, nami naomba msomaji aisome bila haraka, kwa sababu makosa mengine yote yanarekebishika na hili la wakati ni gumu kulirekebisha.

Kama bado uko kazi ya zamani na hujaandika notisi, huku ajira mpya ikiwa ni matumaini tu ya usaili uliofanya, una nafasi ya kuamua lipi litangulie. Unaweza kumaliza mchakato wa mkopo kwanza, ukafika mpaka fedha zikalipwa kwa muuzaji na rehani ikasajiliwa, ndipo ukaendelea na safari ya kazi. Sharti lake ni moja: kazi mpya isiwe jambo ulilokwisha kukubali kwa maandishi. Fomu ya maombi ina tamko kwamba taarifa zako ni za kweli na kwamba utaijulisha benki mabadiliko yoyote ya ajira. Mtu aliyesaini ajira mpya siku ya Jumatatu akasaini tamko hilo siku ya Jumatano ameidanganya benki, na benki ikigundua inaweza kudai mkopo wote ulipwe kwa mara moja. Usijiingize huko hata kama jirani yako alifanya hivyo akapita salama.

Kama umeshapokea barua ya ajira mpya na hujaondoka, nenda benki nayo. Nasema hivi kwa kuwa mimi niliificha, na leo najua kwamba ningeitoa siku ile ya kwanza, afisa angenishauri nisimamishe maombi kwa miezi michache badala ya kumpa muuzaji matumaini. Kuna mazingira ambayo benki huikubali barua ya ajira mpya: pale mwajiri mpya anapofahamika kwa benki na ana makubaliano nayo ya kukata marejesho moja kwa moja kwenye mshahara, ajira ikiwa ya kudumu, na fani ikiwa ileile uliyoifanya kwa miaka. Mhasibu anayetoka taasisi moja kwenda nyingine akiwa mhasibu hueleweka haraka kuliko mhasibu anayekwenda kuanza kazi ya mauzo kwa kamisheni.

Kama umeshaingia kazi mpya na uko katika kipindi cha matazamio, yaani majaribio ya kabla ya kuthibitishwa, kwa kawaida utaambiwa usubiri uthibitishwe. Sababu yake inaeleweka ukiitazama sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri wake ulinzi ule wa kuachishwa kazi isivyo haki, na kanuni za mwaka 2007 zilizo chini ya sheria hiyo zinataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12. Kwa watumishi wa umma matazamio ni miezi 12. Kwa hiyo unapojadiliana masharti ya kazi mpya, wakati ambapo mwajiri anakutaka na bado anakusikiliza, omba kipindi cha matazamio kiandikwe miezi mitatu badala ya sita, na omba barua ya uthibitisho itolewe kwa maandishi kikiisha. Wengi tunajadili mshahara peke yake na kusahau jambo hili, ambalo linaweza kukusogezea nyumba karibu kwa nusu mwaka.

Mtumishi wa umma anayehamishwa kutoka taasisi moja kwenda nyingine hayuko katika kundi hili. Ajira yake inaendelea, cheki namba yake, yaani namba ya utumishi, ni ileile, michango yake PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, haikatiki, na barua ya uhamisho pamoja na hati za mshahara vinamtosha. Anayepaswa kujihadhari ni yule anayetoka sekta binafsi kuingia serikalini, kwa kuwa hutokea mshahara wa kwanza ukachelewa hadi jina liingie kwenye mfumo wa malipo, na fedha zikaja baadaye kama malimbikizo. Taarifa ya akaunti yenye miezi miwili mitupu na mwezi wa tatu wenye fedha za miezi mitatu huibua maswali, hivyo hifadhi barua inayoeleza malimbikizo hayo.

Hatua ya tatu: Piga hesabu kabla benki haijakupigia

Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 2,400,000 katika sekta binafsi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, wa asilimia 10 ni 240,000. Kinachobaki kwa ajili ya kodi ni 2,160,000, na kodi ya mapato yake kwa mwezi ni 128,000 kwa milioni moja ya kwanza, ukijumlisha asilimia 30 ya kilichozidi, ambayo ni 348,000, jumla 476,000. Unapokea mkononi 1,684,000.

Sasa ingiza kanuni ya theluthi moja. Kwa mtumishi wa umma ni utaratibu wa lazima kwamba baada ya makato yote asibaki na chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi, na mabenki mengi huwatumia kipimo hicho hata wa sekta binafsi. Theluthi ya 2,400,000 ni 800,000. Ukiiondoa katika 1,684,000 zinabaki 884,000, na hiyo ndiyo nafasi yako ya rejesho kwa mwezi.

Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, kwa miaka 15 unadai rejesho la takribani 881,000 kwa mwezi. Umepita, lakini kwa tundu la sindano. Kama una deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 360,000, inakatwa kila mwezi, na nafasi yako inashuka hadi 524,000. Mkopo unaoweza kuubeba kwa masharti yaleyale unakuwa karibu milioni 35 na nusu. Watu wengi hushangaa benki inapowapunguzia kiasi hivi. Jibu limeandikwa kwenye salari slipu yao.

Ukisikia hivyo utashawishika kurefusha muda. Tazama kwanza. Milioni 60 kwa asilimia 16 kwa miaka 20 rejesho ni kama 835,000, na kwa miaka 25 ni kama 815,000. Umeongeza miaka 10 ya kulipa, na nafuu uliyoipata ni shilingi 66,000 tu kwa mwezi. Jumla utakayokuwa umelipa inatoka karibu milioni 159 kwa miaka 15 na kufika karibu milioni 245 kwa miaka 25. Sababu ni kwamba riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 800,000. Katika rejesho la 881,000 ni shilingi 81,000 tu zinazopunguza deni, na katika rejesho la 815,000 ni 15,000. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19, zikiwa zimeshuka kutoka asilimia 22 hadi 24 za mwaka 2010, na kwa riba za namna hiyo muda mrefu sana hausaidii kama watu wanavyodhani. Kuongeza mchango wako wa mwanzo, yaani fedha zako mwenyewe unazotanguliza kwenye bei ya nyumba, kunasaidia zaidi.

Kuna hesabu moja zaidi inayomhusu hasa anayebadili kazi. Tuseme mwajiri mpya anakupa jumla ya 2,800,000, ongezeko la shilingi 400,000, lakini mshahara wa msingi umeandikwa 1,800,000 na milioni moja iliyobaki ni posho za nyumba, usafiri na mawasiliano. Benki ikihesabu mshahara wa msingi peke yake, NSSF ni 180,000, kodi ni 314,000, mkononi 1,306,000, theluthi ni 600,000, na nafasi ya rejesho ni 706,000. Mkopo wako umeshuka kutoka milioni 60 hadi milioni 48, ingawa umepandishwa mshahara. Kabla ya kusaini ajira mpya, muulize afisa mikopo kama posho zinahesabiwa, kisha mwombe mwajiri mpya aingize sehemu ya posho ndani ya mshahara wa msingi. Kwa waajiri wengi hilo ni jambo dogo wakati wa majadiliano, na haliwezekani tena baada ya mkataba kusainiwa.

Hatua ya nne: Safisha madeni madogo

Benki itaangalia historia yako katika kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Omba ripoti yako mwenyewe mapema, angalau miezi miwili kabla ya maombi. Deni la mkopo wa simu la elfu 20 ulilolisahau kwenye laini uliyoitupa linaweza kuonekana humo kama mkopo usiolipwa, na kulisahihisha huchukua muda.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, imalize kabla hujabadili kazi, hasa kama mkopeshaji anashikilia kadi yako ya benki. Mkopo wa kawaida wa wafanyakazi nao uangalie kwa makini: ukiondoka kwa mwajiri, mara nyingi salio lote hudaiwa au hukatwa kwenye malipo yako ya mwisho, na fedha ulizozitegemea kuwa mchango wa nyumba zinaishia hapo. Usikope ili upate mchango wa mwanzo. Deni hilo jipya litakula nafasi yako ya rejesho, na mwisho wa siku utakuwa umejinyang'anya mwenyewe.

Hatua ya tano: Kusanya karatasi za pande mbili

Mtu asiyebadili kazi anahitaji karatasi za mwajiri mmoja. Wewe unahitaji za wawili. Kwa mwajiri wa zamani, kabla hujakabidhi kitambulisho, chukua mkataba wako wa ajira, barua ya uthibitisho, hati za mshahara za mwaka mzima zenye mhuri, barua ya kukubaliwa kuacha kazi, na cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Heshimu notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Anayeondoka kwa ugomvi hupata shida kubwa kupata barua hizi, na ofisa utumishi aliyeachwa na kinyongo ndiye huyohuyo atakayepigiwa simu na benki.

Kwa mwajiri mpya, unahitaji mkataba, barua ya utambulisho inayotaja cheo, tarehe ya kuanza, aina ya ajira na mshahara uliochanganuliwa, na baadaye barua ya kuthibitishwa. Benki pia humtaka mwajiri aahidi kwa maandishi kuendelea kupitisha mshahara kwao na kuwajulisha ukiondoka. Ulizia mapema kama mwajiri wako mpya husaini barua za namna hiyo, kwa sababu wapo wanaokataa kabisa, na ukishagundua hilo mwishoni utakuwa umeshalipia mthamini.

Zaidi ya hapo kuna kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, cheti cha ndoa kama umeoa au umeolewa, na taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii. Taarifa hiyo ya mwisho wengi hawaibebi, nami nashauri ibebwe, kwa kuwa inaonyesha miaka yako yote ya kazi mfululizo bila mapengo, na kwa mtu aliyebadili mwajiri huo ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Hatua ya sita: Kagua nyumba na hati yake

Wakati unasubiri uthibitisho kazini, tumia miezi hiyo kukagua nyumba, kwani benki itakataa hati mbovu hata kama mshahara wako ni safi. Dodoma ina historia yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikiwapa wananchi mikataba ya pango la ardhi ya miaka 33. Ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia kwenye manispaa, ambayo mwaka 2018 ilitangazwa kuwa jiji, na ikaelekezwa wananchi wapewe hati za miaka 99. Bado unaweza kukutana na muuzaji wa Kisasa au Nkuhungu aliyeshika karatasi za CDA akisema ni hati. Mwambie akamilishe kwanza kuzibadilisha, kwa jina lake, kabla hujampa hata shilingi.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa haitoshi kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Kwa ardhi ya vijiji vya Chamwino na Bahi yenye hati ya haki miliki ya kimila, tarajia mabenki mengi kusita. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ili ujue mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani au zuio. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, lakini ile ya ardhi hulipwa kwa njia yake, na wauzaji wengi wana malimbikizo yake.

Thamani ya nyumba huamuliwa na mthamini aliyesajiliwa ambaye yumo katika orodha ya benki, na bei mliyopatana na muuzaji haimbani. Kama mmepatana milioni 75 naye akaandika milioni 68, benki itakopesha kwa kuangalia milioni 68. Kwa kuwa mchango wako hutakiwa mara nyingi uwe kati ya asilimia 10 na 20, pengo hilo utalijaza wewe. Tenga pia fedha za ada ya mkopo, ambayo mara nyingi ni asilimia 1 hadi 2, gharama za mthamini na mwanasheria, bima, na ushuru wa stempu wa takribani asilimia 1 ya bei wakati wa kuhamisha umiliki. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, ni mzigo wa muuzaji. Iandikeni hivyo katika mkataba, kwa sababu akichelewa kuilipa, uhamisho wenu wote unakwama.

Kama una mwenza, Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inataka ridhaa yake katika rehani ya nyumba ya ndoa, na ni kosa la jinai kutoa taarifa za uongo kuhusu kuwa na mwenza. Mshirikishe tangu siku mnayokwenda kuitazama nyumba. Kwa anayebadili kazi, ushiriki wa mwenza una faida nyingine: benki nyingi huruhusu waombaji wawili, na mshahara wa mwenza aliye imara kazini unaweza kuubeba mkopo wakati wako bado uko kwenye matazamio.

Hatua ya saba: Soma barua ya ofa

Usisaini hapohapo mezani. Ipeleke nyumbani, na ikiwezekana kwa mwanasheria wako mwenyewe. Tafuta mahali panapoeleza kama riba ni ya kudumu au inaweza kupandishwa, ofa inadumu kwa siku ngapi, kuna adhabu gani ukilipa mapema, na zaidi ya yote kifungu kinachohusu mabadiliko ya ajira. Baadhi ya ofa hupandisha riba ukihamisha mshahara kwenda benki nyingine. Kama mwajiri wako mpya analazimisha wafanyakazi wote kulipwa kupitia benki fulani, ni heri uombe mkopo katika benki hiyohiyo tangu mwanzo.

Uliza kwa maneno haya: "Nikiacha kazi baada ya miaka mitatu, mkopo huu unakuwaje?" Omba jibu liandikwe.

Kuhusu bima, mkopo wa nyumba huambatana na bima ya maisha inayolipa deni ukifariki au kupata ulemavu wa kudumu, na bima ya moto kwa jengo. Baadhi ya bima hufidia miezi michache ukipunguzwa kazini, lakini kwa kawaida hazimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Hata fao la kukosa ajira la mifuko ya hifadhi ya jamii ni la aliyepoteza kazi bila hiari, wala aliyejiuzulu hana haki nalo. Ukiacha kazi mwenyewe, kinga yako ni akiba yako.

Hatua ya nane: Vuka mwezi wa katikati

Mtu anayeondoka tarehe 30 na kuanza kazi mpya tarehe 15 atapata mshahara wa nusu mwezi, na mshahara mzima wa kwanza utakuja karibu miezi miwili baada ya ule wa mwisho. Marejesho hayasubiri. Kabla ya kubadili kazi ukiwa na mkopo tayari, weka kando fedha za marejesho matatu katika akaunti inayokatwa, na usiziguse. Kwa mfano wetu ni kama shilingi 2,650,000. Likizo uliyolimbikiza hulipwa unapoondoka, na hiyo ndiyo fedha inayofaa kuanzia akiba hiyo.

Nenda benki kabla ya siku yako ya mwisho kazini ukiwa na mkataba mpya, jaza fomu za kubadili mwajiri, na weka agizo la kudumu la kukata rejesho kutoka akaunti yako kwa miezi ambayo makato ya mwajiri bado hayajaanza. Mtumishi anayetoka serikalini ajue kwamba makato yaliyokuwa yakifanyika Hazina yatakoma siku jina lake litakapotoka kwenye mfumo, na hakuna mtu atakayempigia simu kumkumbusha. Nimemwona mwenzangu wa Area C aliyedhani makato yanaendelea. Alijua ukweli mwezi wa nne, deni likiwa limeshazaa riba ya adhabu.

Ukiona hutaweza kulipa, andika barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho kabla hujachelewa hata mwezi mmoja. Benki huwa na mlango mpana kwa mteja anayekuja mwenyewe. Ukishindwa kabisa, sheria inaitaka benki ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na siku hizo ni za kufanyia kazi: tafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei ya soko, kwa kuwa nyumba inayouzwa kwa mnada hupata bei ya chini. Kama unaona benki haikutendei haki, peleka malalamiko kwa maandishi benki kwanza, na usiporidhika uyapeleke Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki.

Mimi nilithibitishwa kazi mpya baada ya miezi sita. Nilirudi tawi lilelile na jalada jipya, nikiwa na barua za waajiri wawili, taarifa ya NSSF ya miaka tisa, na mke wangu pembeni. Afisa alikuwa yuleyule. Akainua simu, akampigia ofisa utumishi wa kazi mpya, akasikiliza kwa muda, akaandika maneno mawili kwenye fomu: "Amethibitishwa. Kudumu." Nyumba tuliyoipata iko Ilazo, na ni ndogo kuliko ile ya Iyumbu kwa chumba kimoja.